Unakwenda mkutano mkuu wa Lib Dem? Soma hili kwanza

Watanzania wenzangu wakisikia nakwenda mkutano mkuu wa chama changu huku Uingereza, Liberal Democrats (kwa kifupi Lib Dem), chama cha kiliberali, swali la kwanza huwa lilelile: posho kiasi gani? Hakuna posho. Hakuna basi la chama, hakuna fulana wala kofia ya bure. Nauli yako, chumba chako, kiingilio chako. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo waliokasirika wakiwa tayari wameshafika.

Mimi ni mtu wa Tanga. Ninaishi Eastleigh, hii ya Hampshire, msije mkadhani ile ya Nairobi, na kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Halmashauri ya hapa imeshikwa na Liberal Democrats tangu 1994, kwa hiyo hao ndio waliokuwa wakigonga mlango wangu na vikaratasi vyao mvua ikinyesha. Nikajiunga. Baadaye nikagundua kwamba uanachama wenyewe ni nusu tu ya habari; nusu ya pili iko ukumbini, mara mbili kwa mwaka, Machi na Septemba. Wa Machi huwa mfupi, Ijumaa hadi Jumapili. Wa Septemba ndio mkubwa, kwa kawaida Jumamosi hadi Jumanne, na mara nyingi ni mji wa pwani: Bournemouth au Brighton.

Nani anahesabika kuwa mjumbe

Zamani kila tawi lilichagua wajumbe wake wachache, na wengine mkawa wasikilizaji. Katikati ya miaka ya 2010 wakaubadilisha utaratibu huo. Siku hizi mwanachama yeyote aliyejisajili na kuhudhuria ana haki ya kuomba kuzungumza na ana kura yake moja, sawa na kura ya mbunge. Hakuna kuchaguliwa na tawi, hakuna kujipendekeza kwa katibu.

Vyama vingine vya kiliberali Ulaya vina taratibu zao, kwa hiyo uliye nje ya Uingereza usiyachukue haya kama yalivyo. Ujerumani, FDP wana wajumbe 662 wanaochaguliwa kutoka majimboni. Lazima tawi lako likupitishe. Uholanzi, D66 nao humpa kila mwanachama kura kwenye kongamano lao. Na kwa wale wanaodhani siasa hizi ni za wazungu peke yao: CUF ya Tanzania, chama cha zamani cha Maalim Seif, kiliwahi kuwa mwanachama wa Liberal International, umoja uleule wa vyama ulioanzishwa Oxford mwaka 1947 ambao Lib Dem wamo.

Swali la uraia naulizwa sana. Ukiwa raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola, yaani Tanzania, Kenya, Uganda, na Rwanda tangu ilipojiunga 2009, na unaishi Uingereza kihalali, unaruhusiwa kujiandikisha na kupiga kura hata uchaguzi wa wabunge. Wengi wetu tumekaa hapa miaka bila kujua. Ndugu zetu wa Congo na Burundi hawamo kwenye mlango huo, ila Scotland na Wales zimefungua chaguzi zao za ndani kwa wakazi halali wa mataifa yote. Hayo ni ya kura ya serikali. Kura ya ukumbini kwenye mkutano wa chama inatokana na kadi yako ya uanachama.

Na kura hiyo ina nguvu. Septemba 2023 pale Bournemouth, uongozi ulileta hoja ya makazi iliyokuwa inaachana na lengo la kitaifa la kujenga nyumba 380,000 kwa mwaka. Young Liberals, yaani vijana wa chama, wakaleta marekebisho ya kulirudisha lengo. Tim Farron, aliyewahi kuwa kiongozi wa chama, akapanda jukwaani kuwapinga kwa maneno makali. Kura zikapigwa, vijana wakashinda, na lengo likabaki kuwa sera ya chama. Kwetu nimezoea kuona mkutano mkuu ukiambiwa "wanaoafiki waseme ndiyo" na ukumbi mzima unaitika. Hapa mwenyekiti anauliza akiwa hajui jibu.

Kujisajili na mahali pa kulala

Jisajili mapema, bei hupanda kadiri siku zinavyosogea. Kabla hujalipa pitia orodha yote ya viwango: kuna punguzo kwa wenye kipato kidogo na wanafunzi, na angalia kama mwaka huo kuna kiwango cha wanaokuja mara ya kwanza. Upo pia mfuko wa kuwasaidia wenye ulemavu na mahitaji maalumu wahudhurie. Njia nyingine ambayo watu wetu hawaijui ni kujitolea kuwa mhudumu wa mkutano, wale wanaosimama milangoni na kuelekeza watu. Hawalipi kiingilio, na wanajuana na kila mtu kabla ya jua kuzama.

Likizo kazini omba siku ileile unayojisajili. Sisi wa kazi za zamu tunajua: ukichelewa, ratiba ya Septemba imeshafungwa na meneja anakuangalia kama umeomba mshahara wa mwaka.

Kwa Bournemouth, hoteli zilizopakana na ukumbi, yaani Bournemouth International Centre, huwahiwa na wabunge na waandishi wa habari, na bei yake inatisha. Tafuta chumba Boscombe au upande wa Pokesdown, au lala Poole, au hata Southampton kisha upande treni asubuhi. Mimi hulala kwangu. Kutoka stesheni ya Bournemouth hadi ukumbini ni mwendo wa kama nusu saa kwa miguu, ukumbi wenyewe uko juu ya kilima unatazama bahari, na upepo wa Septemba hauna adabu. Viatu vya kutembelea, jamani. Vile vya kupigia picha viweke mkobani.

Mavazi hayana sheria. Utaona suti, utaona jinzi, utaona mzee kavaa kaptura na tai ya njano. Mimi huvaa kitenge na juu yake sweta, kwa sababu ya kiyoyozi. Kitenge kina faida moja kubwa: mwenyekiti akitafuta mtu wa kumkumbuka, anakukumbuka.

Soma kabrasha kabla hujafika

Hapa ndipo wageni wanapopotea. Kabrasha la ajenda hutolewa wiki kadhaa kabla, mtandaoni, na ni zito. Usijaribu kulisoma lote. Tafuta hoja mbili, na moja kati ya hizo iwe ile unayoijua kwa mikono yako.

Kila hoja ina namba inayoanza na F: F5, F12, na kuendelea. Ukiifungua utaona imepangwa kwa mtindo mmoja: kwanza mkutano "unatambua" hali fulani, kisha "unaamini" jambo fulani, mwishoni "unataka" hili na lile lifanyike. Ruka moja kwa moja hadi sehemu ya mwisho. Hayo matakwa ndiyo yatakayokuwa sera. Sehemu za juu ni maelezo na lawama kwa serikali. Pembeni mwa maandishi kuna namba za mistari, na usizipuuze, maana marekebisho yote huandikwa kwa namba hizo: futa mstari wa 14 hadi 17, ongeza baada ya mstari wa 22. Usipokuwa na kabrasha mkononi wakati huo, utapigia kura mstari usioujua.

Marekebisho nayo yana tarehe yake ya mwisho, kama wiki mbili hivi kabla ya mkutano. Si lazima uyaandike mwenyewe. Muulize katibu wa tawi lako kama wanapeleka lolote, au tafuta kundi la wanachama wanaojali jambo unalolijali. Wanayo kamati inayochuja hoja na marekebisho, na pia huduma ya kukusaidia kuandika kwa lugha inayokubalika. Itumie. Kingereza cha hoja kina mikunjo yake na hata wazawa hukosea.

Kadi ya msemaji

Hili nitalikalia kidogo kwa sababu watu wetu tuna maneno mengi majumbani na tukifika ukumbini tunakaa kimya mstari wa nyuma.

Ili upande jukwaani unajaza kadi hiyo, yaani ombi la kuzungumza, mapema, kabla mjadala haujaanza. Unaandika jina, tawi, unaunga mkono au unapinga, na kuna nafasi ya kueleza utasema nini. Nafasi hiyo ndogo ndiyo mtihani wenyewe. Mwenyekiti wa mjadala na msaidizi wake wanakuwa na maombi mengi kuliko dakika walizonazo, na wanatafuta mizani: wanaounga na wanaopinga, wanawake na wanaume, watu wa mikoa tofauti, na zaidi ya yote mtu atakayesema kitu ambacho wengine hawatasema. Ukiandika "naunga mkono kwa sababu jambo hili ni muhimu sana," umejitoa mwenyewe. Wameshapata kumi wa namna hiyo.

Mimi nilipoomba kuzungumza kwenye mjadala wa huduma kwa wazee niliandika mistari mitatu tu. Kwamba kazi hii naifanya. Kwamba ziara moja kwa mzee hupangiwa dakika 15. Kwamba nitaeleza dakika hizo zinavyokwisha, moja baada ya nyingine. Nikaongeza kuwa sijawahi kuzungumza kwenye mkutano huu. Hilo la mwisho usilifiche kwa kuona haya: wenyeviti wanapenda kuwapa nafasi wapya, na akikutambulisha hivyo ukumbi unakupigia makofi kabla hujafungua mdomo.

Muda wa mchangiaji huwa dakika chache, tatu mara nyingi. Umeandikwa kwenye ajenda. Dakika tatu za Kingereza ni kama maneno mia nne, nawe punguza ufike mia tatu na hamsini, kwa sababu lafudhi zetu zinahitaji pumzi na wao wanahitaji sekunde kuizoea. Andika kwa herufi kubwa, upande mmoja wa karatasi. Soma kwa sauti jikoni ukiwa na saa ya simu. Mbele yako jukwaani kuna taa: ya kijani ukianza, ya rangi ya chungwa ikibaki dakika moja, nyekundu muda ukiisha. Ya chungwa ikiwaka, ruka uende kwenye sentensi yako ya mwisho. Sentensi hiyo iandike kwanza kabla ya zote, uijue kwa moyo.

Hotuba yenyewe isiwe na shukrani. Kwetu tunaanza na itifaki, mheshimiwa mwenyekiti, waheshimiwa wageni waalikwa, mabibi na mabwana, na dakika moja imekwenda. Pale wanasema neno moja tu, "Conference," kisha wanaingia. Mimi niliingia na mkate. Nikasema: namwamsha bibi wa miaka tisini, namsafisha, nampa dawa, naweka mkate kwenye tosta. Tosta ikichelewa, naondoka sijamwona akila, na kwenye simu yangu ya kazi nimeshabonyeza kwamba kifungua kinywa kimetolewa. Ukumbi ulinyamaza, kisha mtu fulani akaguna. Baada ya hapo sikuhitaji takwimu hata moja. Takwimu waachie wabunge, wanazo na wanalipwa kwa ajili yake.

Kama jukwaa bado linakutisha, ipo njia ya mkato. Baadhi ya mijadala ina nafasi ya uchangiaji wa dakika moja kutoka kwenye kipaza sauti kilichopo chini ukumbini. Unaomba, unaitwa, unasema hoja moja, unakaa. Ni shule nzuri.

Wakati wa kura

Marekebisho hupigiwa kura kwanza, moja moja kwa mpangilio. Halafu zile sehemu za hoja ambazo wanachama waliomba zitengwe zipigiwe kura peke yake. Mwisho hoja yote kama ilivyobadilika. Unanyanyua juu pasi yako, ile kadi ya kuingilia mkutanoni, mwenyekiti anaangalia ukumbi na kutamka imepita au imeanguka. Akiona inakaribiana, anaagiza ihesabiwe, na hapo wahesabuji wanapita mistarini. Usitoke nje wakati huo hata kama unabanwa.

Mtu anaweza pia kuomba hoja irudishwe kamatini ikafanyiwe kazi upya. Likitokea, kuna mjadala mfupi na kura yake. Usishangae, na usidhani ni ugomvi.

Una ruhusa kamili ya kupinga. Machi 2016 mjini York walipitisha sera ya kuhalalisha bangi iuzwe kwa udhibiti. Ndiyo, bangi, madukani. Mama yangu nilipomweleza kwa simu aliniuliza kama nimejiunga na chama au na kijiwe. Kwenye chama hiki watu wanapigia kura pande tofauti asubuhi na mchana wanakula pamoja, na hakuna anayekuandama kwenye makundi ya WhatsApp usiku. Ukiona hoja inapingana na dhamiri yako au dini yako, nyanyua pasi upande wa hapana kisha nenda kanywe chai.

Mikutano ya pembeni, na chakula

Nje ya ukumbi mkuu kuna mikutano midogo mingi, mchana na jioni, kwenye vyumba vya ukumbi na hoteli za jirani. Kwenye ratiba wanaiita fringe. Mashirika ya hisani, vyama vya wafanyakazi, makampuni na makundi ya wanachama huiandaa, na huko ndiko mbunge unamkuta kashika sahani ukamwuliza swali lako uso kwa uso. Baada ya uchaguzi wa Julai 2024 chama kina wabunge wengi, 72 walichaguliwa, kwa hiyo huwezi kukosa angalau mmoja wa kona zako.

Ratiba huonyesha mkutano upi una vitafunio. Sisemi uchague mada kwa sababu ya sambusa, ila wote wanafanya hivyo, hata wale wanaojifanya hawafanyi. Sambusa zenyewe ni ndogo na hazina pilipili. Usiyekula nyama isiyo halali, chukua za mboga na uulize bila aibu. Mvinyo hupitishwa kwenye magilasi, lakini juisi na maji havikosekani. Ukitaka kula chakula cha kweli Bournemouth, panda basi hadi Charminster Road, kuna migahawa ya mataifa mengi na bei zinazoeleweka.

Siku ya kwanza huwa kuna kikao cha wageni wa mkutano. Hudhuria, hata ukiwa umeshasoma maelezo haya mara mbili. Pia kuna mafunzo: kugombea udiwani, kugonga milango, kuandika vipeperushi. Ukiwa na ndoto ya kugombea, mafunzo haya yana thamani kuliko hotuba zote za jukwaani, na huna cha kulipa zaidi ya kiingilio ulichokwisha toa.

Usiku wa mwisho kuna Glee Club. Watu wazima, wakiwemo viongozi, wanajazana kwenye chumba cha hoteli na kitabu cha nyimbo mkononi, wanaimba kwa sauti mbovu mashairi ya kuwakejeli viongozi wao na kushindwa kwao wenyewe. Sikuelewa utani mwingi. Nilicheka hata hivyo, kwa sababu sijawahi kuona chama kikijisimanga chenyewe na kufurahia.

Hotuba ya kiongozi

Iko siku ya mwisho, kabla au karibu na mchana. Ed Davey ni mtu wa vituko. Mwaka 2024 alifika Brighton akiendesha pikipiki ya majini. Lakini akifika kwenye habari ya kuwatunza wagonjwa nyumbani anabadilika, maana yeye mwenyewe ana mtoto mwenye ulemavu anayemtunza. Foleni ya kuingia huanza mapema na mikoba hukaguliwa, kwa hiyo acha begi kubwa hotelini. Kama una treni ya kuwahi, kaa karibu na mlango. Hotuba ikiisha, ukumbi mzima unashuka kilima kwa mara moja na teksi zinakwisha.

Wiki hiyohiyo tuma ujumbe kwa watu uliochukua namba zao, wakati bado wanakukumbuka kwa kitenge. Tawi lako litataka taarifa fupi. Wape hoja zilizopita na zilizoanguka, ukurasa mmoja unatosha. Kisha angalia tarehe za mkutano wa Machi. Ukiwa York, ukumbi wa Barbican uko nje kidogo tu ya ukuta wa mji wa kale, na vyumba vya bei nafuu vilivyo karibu nao huisha kabla ya Krismasi.